Mkono wa Jepchumba na Sikio la Upande wa Pili

Jepchumba alinyimwa darasa la kwanza Januari tatu mfululizo. Mara ya kwanza hakuonewa na mtu. Mara ya pili alionewa kidogo. Mara ya tatu alinyimwa kwa makusudi, mchana kweupe, mbele ya watu, na aliyemnyima ni Mwalimu Kiptanui wa shule ya shamba moja kule juu ya Rongai. Hilo lisemwe kwanza, kwa sababu mengine yote yanachekesha, na mtu akishacheka akashiba husahau nani alikanyagwa.

Shida ilianzia kichwani.

Jepchumba alizaliwa kwenye laini ya wafanyakazi, zile nyumba za udongo zilizopangwa nyuma ya zizi la mzungu. Siku hiyo Memsahibu, mke wa mzungu huyo, alikuwa amepita na farasi wake kuangalia ndama mgonjwa, ndiyo maana mtoto akaitwa Jepchumba, yaani aliyezaliwa wazungu wakiwa karibu. Memsahibu mwenyewe hakujua kama kuna mtoto amezaliwa. Alimtazama ndama, akapanda farasi, akaenda zake.

Nyanya yake, ambaye wajukuu wote walimwita Kogo, alimpokea mtoto, akamgeuza huku na huku, akakipima kichwa kwa viganja viwili.

"Hiki si kichwa," akasema. "Hiki ni ghala."

Aliyasema kwa fahari. Kwa Kogo, mtoto mwenye kichwa cha namna hiyo hatakwenda kuomba akili kwa jirani.

Ghala likaendelea kukua. Mama yake, Jelagat, alipomshonea gauni la kwanza, shingo ya gauni ilikataa katakata kupita. Ikakatwa kidogo, ikakataa. Ikakatwa tena mpaka karibu na mabega, na bado mtoto akawa analivaa kwa kuliingia na miguu, kama mtu anayeingia kwenye gunia. Watoto wa laini walimwita Chungu. Yeye hakujali. Alikuwa akiwajibu, "Chungu ndicho kinachopika. Nyinyi ni vifuniko."

Mikono aliirithi kwa baba yake, mkamuaji. Ilikuwa mifupi, minene, yenye nguvu. Baba yake aliweza kumkamua ng'ombe mkorofi ambaye wengine walimfunga miguu kwa kamba, lakini hakuweza kujikuna mgongo. Alijikuna kwenye nguzo ya zizi, kama fahali, huku amefumba macho.

Kichwa cha ghala na mikono ya mkamuaji: mtu angefikiri hayo ni maumbile tu, kila mtu na yake. Basi, hapo ndipo shule ilipoingia.

Siku hizo mtoto wa laini hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ukimwuliza mama mtoto wake ana miaka mingapi, atakwambia alizaliwa mwaka wa nzige, au mwaka ule mvua ya mawe ilipomaliza pareto, au siku chache baada ya ng'ombe fulani kuvunjika pembe. Mwalimu Kiptanui alichoka na pembe za ng'ombe. Akawa anapima kwa njia iliyotumika kila mahali: mtoto anasimama wima, anapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, katikati, na kushika sikio la kushoto. Ukifika, umekomaa, ingia darasani. Usipofika, rudi nyumbani ukanywe uji, tuonane mwakani.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati, madawati machache na dirisha lisilo na kioo. Mwalimu Kiptanui alikuwa mtu mrefu, msafi, aliyesoma misheni. Alikuwa na shati moja jeupe la mikono mirefu ambalo alilivaa siku za maana tu, na siku ya kupima watoto ilikuwa siku ya maana. Chini, mbele, alikuwa na pengo la meno mawili, kama wanaume wote wa rika lake kwao, na pengo hilo lilimfanya apige mluzi kidogo kila aliposema neno kama "sikio". Siku ya kupima alilisema neno hilo kutwa nzima. Kwa mbali ungedhani kuna mtu anaita mbwa.

Januari ya kwanza, Jepchumba alisimama kwenye foleni nyuma ya Sally, binti ya nyapara. Sally alikuwa mdogo wake. Hilo hata mwizi asingebisha: Sally alipozaliwa, Jepchumba alikuwa tayari anatembea. Asubuhi hiyo Sally alikuwa amelia njiani kwa sababu hakutaka kuachana na mama yake, na alipofika alilia tena kwa sababu aliona kuku. Lakini Mungu alikuwa amempa Sally kichwa kama yai na mikono kama ya tumbili.

"Sikio," alisema Mwalimu, mluzi ukapita.

Mkono wa Sally ulipanda, ukavuka, ukashika sikio, ukazidi, ukafika shavuni, ukafuta kamasi.

"Huyu ameiva," Mwalimu akasema. "Ingia. Anayefuata!"

Jepchumba akasogea. Alikuwa ameungoja mwaka huo kama watu wanavyongoja posho. Akapandisha mkono. Ukafika utosini, ukakaa hapo kama ndege aliyechoka.

"Vuka," Mwalimu akasema.

"Ndiyo navuka, Mwalimu."

"Mbona sioni?"

"Barabara ni ndefu."

Watu wakacheka. Hata Mwalimu alicheka, maana siku hiyo hakuwa na ubaya naye. Jelagat akajitokeza mbele, mtoto mchanga mgongoni.

"Mwalimu, huyu mtoto anahesabu ndama wote wa zizi, na anajua kila ndama na mama yake. Ukimtuma nyumba tatu na maneno matatu, hachanganyi hata moja. Anaongea lugha yetu, anaongea Kiswahili, na Kikuyu pia anasikia. Huyo uliyemwingiza analia akiona kuku."

"Mama," Mwalimu akasema kwa upole, "mimi sipimi hesabu. Napima mkono. Hesabu atafunzwa akishaingia."

"Na asipoingia?"

"Hatazihitaji."

Basi wakarudi nyumbani, na mwaka ule wote ukawa mwaka wa mkono.

Kila mtu kwenye laini alikuwa na ushauri. Mmoja alisema mkono hurefuka ukivutwa, na Jepchumba akawa anakwenda kuning'inia kwenye boriti ya lango la dipu, pale ng'ombe walipoogeshwa dawa ya kupe. Alining'inia kila jioni kama popo mpaka wachungaji wakamzoea, wakawa wanampita chini na mifugo yao wakimwambia, "Habari ya huko juu?" Naye anawajibu, "Huku ni kuzuri, mnaonekana vifuniko." Mwingine alisema siri iko kwenye samli. Kogo akawa anamkanda mabega kwa samli ya ng'ombe mweusi, akiuvuta mkono taratibu na kuusemesha: "Ondoka, mkono. Usiogope. Sikio si la mwenzako, ni lako."

Baba yake aliyaona yote hayo akatikisa kichwa. "Mwacheni mtoto. Si kamba ya kufungia ndama, eti mnavuta tu."

"Wewe nyamaza," Kogo akamwambia mwanawe. "Mkono huo ni wako. Ungekuwa na mikono ya watu tusingekuwa hapa."

Mchana Jepchumba alichunga ndama. Na kwa kuwa majani huwa matamu mahali moyo unapotaka, ndama wake walikula kila siku kando ya shule, chini ya lile dirisha lisilo na kioo. Humo ndani watoto walikuwa wakiimba a, e, i, o, u, na yeye nje anaimba na ndama wake. Sally akitoka alikuwa akimwuliza, "Jepchumba, leo tulisoma nini?" naye anamwambia. Sally alikuwa amelala.

Desemba ilipokaribia, Kogo alipata wazo kubwa. Kama mkono haurefuki, basi kichwa kipunguzwe. Akatoa wembe.

"Akili ni nywele," Jelagat akasema, "na wewe unamnyoa mtoto anayekwenda shule?"

"Nywele zitaota. Januari haioti mara mbili."

Akamnyoa mpaka kichwa kikang'aa kama kibuyu, kisha, kwa kuwa ilikuwa siku kubwa na mtoto lazima apendeze, akakipaka samli. Hapo ndipo Kogo alipokosea hesabu. Januari ya pili Jepchumba alipandisha mkono, mkono ukafika utosini, ukateleza, ukashuka upande wa pili kwa kasi kama mtu aliyekanyaga tope, na ukagonga sikio, pa!

"Amefika!" Kogo akapiga kelele.

"Amefika ama ameteleza?" Mwalimu akauliza.

"Mtu akiteleza akaangukia nyumbani kwake, hajafika?"

Mwalimu akachukua kitambaa, akakifuta kile kichwa samli yote, akamshika mtoto kidevu asiinamishe shingo. "Rudia." Jepchumba akarudia. Safari hii mkono ulikwenda polepole, ukavuka kweli, na ncha ya kidole cha kati ikagusa sikio kwa juu. Watu wote waliona.

"Hiyo ni kucha," Mwalimu akasema.

"Kucha ni ya nani?" Kogo akauliza.

"Kucha si mkono, Mama. Kucha anaweza kukata kesho." Kisha akamwambia mtoto afungue mdomo. "Na tena tazameni. Hata meno ya utoto bado yote yamo. Wazazi, sikieni, nisije nikaambiwa nina ubaguzi: mtoto wa shule ni yule ambaye mkono umefika na meno ya mbele yametoka. Mniletee mtoto mwenye pengo, mimi nampokea."

Maneno hayo aliyasema kwa sauti, mbele ya watu. Kogo aliyachukua akaenda nayo nyumbani kama mbegu.

Katikati ya mwaka huo likatokea jambo la shati.

Mke wa Mwalimu alikuwa amefua lile shati jeupe na kulianika kwenye ua, kwa kuwa kesho yake Memsahibu alikuwa aje kuangalia shule. Jepchumba alikuwa dirishani. Ndani walikuwa wakisoma habari za sungura aliyemdanganya fisi, na ilikuwa imefika pazuri. Ndama mmoja, jike jekundu lenye tabia mbaya, akaona mkono wa shati unapepea. Ndama huonja dunia kwa mdomo. Jepchumba alipogeuka, mkono mmoja wa shati ulikuwa tumboni mpaka kwenye kiwiko, na ndama anatafuna amefumba macho kama mzee anayetafuna nyama laini.

Alivuta. Ndama akavuta. Mwalimu akatoka akawakuta hivyo, shati katikati.

Hakumpiga. Ingekuwa afadhali. Alisimama tu akauangalia ule mkono wa shati uliobaki vipande vipande, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe ni yule wa samli." Kesho yake alimpokea Memsahibu na shati lile lile, mkono mmoja mrefu, mwingine umekatwa na kupindwa juu ya kiwiko. Memsahibu akamwuliza kama ameumia. Watoto wakacheka darasa zima, na hata Sally aliamka.

Baba yake Jepchumba alipeleka kuku wa kuomba msamaha. Mwalimu akampokea kuku, akamla, na msamaha akauweka.

Mwaka huo huo, wenyewe bila kuombwa, mwili wa Jepchumba ukaamka. Mikono ikanyooka. Meno mawili ya chini yakalegea, yakatoka, akayatupa juu ya paa kama watoto wote. Kogo akafurahi kupita kiasi. Kila asubuhi alimwambia, "Fungua nione pengo letu." Walikuwa wanalitunza pengo hilo kama watu wanavyotunza mche.

Lakini pengo la mtoto halina subira. Mvua ya vuli ilipoanza, mawili mapya yakachomoza pale pale, meupe, mapana, kama punje za mahindi mabichi. Krismasi ilipofika yalikuwa yamejaa. Kogo alimfungua mdomo akakaa chini.

"Jelagat," akaita, "kuja uone. Pengo limeziba!"

"Si ni vizuri, Mama? Ni meno ya ukubwani."

"Vizuri kwa kutafuna. Januari Mwalimu atatazama nini? Alisema mwenye pengo. Nyinyi hamkusikia? Alisema mniletee mwenye pengo."

Hapo yafaa ieleweke. Kwa watu wa Kogo, kung'oa yale meno mawili ya chini ilikuwa desturi ya tangu zamani, na kila mtu mzima wa laini ile alikuwa na pengo hilo. Ilikuwa ni alama ya kwamba mtoto ameanza kuacha utoto. Jepchumba angeng'olewa tu, siku moja, baada ya miaka miwili mitatu. Kwa hiyo kwa Kogo halikuwa jambo la ajabu. Lilikuwa ni kuisogeza kesho kidogo, kwa sababu shule ilikuwa inaitaka leo.

Jelagat alisitasita. "Hajafika, Mama. Wenzake hawajafanyiwa."

"Wenzake wako darasani," Kogo akajibu.

Wakamwita mwenyewe, wakamwuliza. Jepchumba alikuwa amekaa anawapa ndama chumvi. Akauliza neno moja tu: "Nikiwa na pengo, nitaingia?"

"Mwalimu amesema mwenyewe."

"Basi ng'oeni."

Kogo alitumia chuma kidogo chembamba alichokirithi kwa mama yake. Jepchumba alikaa chini jua likimpiga usoni, mgongo kwenye magoti ya baba yake, macho kwenye paa la shule lililoonekana kule mbali linametameta. Hakulia. Alishika nyasi mpaka zikang'oka nazo. Baadaye alikunywa maziwa kwa siku nyingi, taratibu, kwa pembe ya mdomo, na alipojaribu kusema "sikio" akasikia mluzi. Akacheka mpaka ikamwuma. "Kogo," akasema, "sasa nimekuwa Mwalimu."

Januari ya tatu ikafika. Watu wa laini walikuja wengi kuliko kawaida, maana habari ya mkono wa Jepchumba ilikuwa imekuwa ya kila mtu. Wachungaji wa dipu walikuja. Walikuwepo hata waliokuwa hawana mtoto. Mwalimu Kiptanui alisimama mlangoni na shati lake, mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi.

"Sikio," akasema.

Jepchumba akapandisha mkono. Ukapita juu ya utosi kama mtu anayejua njia ya kwao, ukashuka, ukalishika sikio zima, ukalikunja, ukalivuta mpaka likawa jekundu. Wachungaji wakapiga makofi. Mmoja akapiga kelele, "Lete na lingine!" Jelagat alikuwa anacheka na kulia.

"Fungua mdomo," Mwalimu akasema.

Akafungua kwa fahari, upana wote.

Mwalimu aliinama akatazama. Kisha akanyanyuka polepole, na watu wote waliona uso wake ukifunga.

"Nani ameng'oa haya?"

"Ni mimi," Kogo akasema. "Ulisema pengo, nimekuletea pengo. Safi kabisa. Tazama vile limepona."

"Nilisema meno ya utoto. Haya yameng'olewa kwa chuma. Huyu si mtoto. Huyu ni msichana mkubwa, karibu kuposwa. Darasa la kwanza ni la watoto wadogo."

Watu wakadhani anatania. Kogo akadhani hivyo pia, akacheka kidogo. "Mwalimu, mwaka jana ulisema ni mdogo sana. Mwaka huu unasema amezeeka. Hebu niambie, siku aliyokuwa sawasawa ilikuwa lini? Nilikuwa nimeenda kuteka maji?"

Kicheko kikapasuka. Mwalimu akanyoosha kidole. "Tena haya ni mambo ya ushenzi. Misheni imeyakataza. Mtoto wa shule hang'olewi meno."

"Ng'o!" Kogo akasema. "Na yako, mwanangu, yako wapi? Uliyasahau misheni?"

Aliyekuwa amekaa alisimama ili acheke vizuri. Mwalimu akafunga mdomo wake ghafla, midomo ikabanana. Alipoufungua tena ili ajibu, jambo la kwanza lililotoka lilikuwa mluzi.

Na pengine hapo ndipo Jepchumba alipokosa shule, kwenye kile kicheko. Yeye alikuwa amesimama katikati, mkono bado juu ya kichwa, sikio bado mkononi, kwa sababu hakuna aliyemwambia ashushe. Alikuwa akimtazama Mwalimu usoni kutoka chini, karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Aliyaona macho yake yakienda kwenye mkono wa shati, ule mfupi, kisha yakarudi kwake.

"Wewe Jepchumba," Mwalimu akasema, "rudi kwa ndama."

Alimwita kwa jina. Hakuuliza huyu ni nani, ana miaka mingapi, alizaliwa ng'ombe gani alipovunjika pembe. Alimjua. Alikuwa amekishika kidevu chake mwaka uliotangulia na kuyahesabu meno yake ya utoto kwa macho yake mwenyewe. Mtu aliyeona meno ya utoto Januari moja anajua vizuri kwamba Januari inayofuata huyo hawezi kuwa mchumba wa mtu.

Jelagat aliomba. Baba yake Jepchumba alikwenda baadaye na kuku mwingine, akarudi naye. Nyapara akasema mambo ya shule ni ya Mwalimu. Memsahibu hakuambiwa, na angeambiwa angeuliza ndama ni yupi.

Mwaka ule dawati la mbele, lile la karibu na dirisha, lilibaki na nafasi moja. Jepchumba aliliona kila siku, maana ndama bado walipenda majani ya pale. Mwalimu Kiptanui alikuwa anaweka kofia yake hapo. Kofia ilisoma mwaka mzima, ikamaliza darasa la kwanza.

Kogo hakumlaumu Mwalimu kwa sauti tena. Alianza kujilaumu mwenyewe, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mara kwa mara alimshika mtoto kidevu akatazama lile pengo. "Ni mimi nilikufungia mlango?" anauliza.

"Wewe ulifanya alichosema, Kogo."

"Basi atakuja aseme. Mtu amesoma, atakuja aseme."

Alimngoja. Kila alipomwona Mwalimu akipita kwenda kuchukua maziwa, alijitengeneza shuka, akakaa vizuri, kama mtu anayetarajia mgeni. Mwalimu alipita. Kogo akafa akiwa bado amejitengeneza.

Jepchumba alikua. Mikono ile mifupi ilijua kazi: alikamua, akaolewa, akaachwa na mume aliyependa zaidi pombe, akalea, akafungua kibanda chake cha maziwa pale Rongai, karibu na njia ya reli. Watoto wake wote walikwenda shule. Kabla hawajaenda alikuwa akiwanyoa mwenyewe, bila samli.

Siku moja mzee mmoja mrefu alisimama kwenye kibanda akiwa na mkebe mkononi. Alikuwa amestaafu, amerudi kukaa kwa mwanawe. Alipoomba maziwa, mluzi ukapita.

"Habari yako, Mwalimu."

Mzee akakaza macho. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Ni yule wa samli."

Alimjua mara moja, akacheka kwa furaha ya kweli, kama watu wanavyocheka na mambo ya zamani wakidhani yamekwisha. "Jepchumba! Ndama wako alikula shati langu!"

"Ndiyo, Mwalimu. Hebu nisimamie wima kidogo. Pitisha mkono juu ya utosi, ushike sikio la upande wa pili."

Mzee akadhani ni mchezo. Akaweka mkebe chini, akapandisha mkono. Bega likakataa. Mkono ukaishia kwenye jicho. Akajaribu na mwingine, ukaishia shingoni. Wanawake waliokuwa wakingoja maziwa wakaanza kuangua vicheko, na yeye akicheka nao, machozi yakimtoka.

"Bado," Jepchumba akamwambia. "Rudi mwakani."

Akamjazia mkebe mpaka juu, akachukua bei ya kawaida, akamtazama akivuka reli taratibu asimwage.

Mwalimu amekuja mara nyingi tangu siku hiyo. Hucheka kila mara na kumwambia kila anayemkuta hapo habari ya shati, na jinsi ndama alivyofumba macho akitafuna. Habari ya mkono haisemi. Habari ya meno haisemi.

Jepchumba hataki kuku wala pole ya kibandani. Shule ile bado ipo, na kila Januari wazazi bado hukusanyika pale mlangoni. Kuna neno moja lililobaki bila kusemwa hapo, mahali pale pale, mbele ya watu, kwa sauti ile ile iliyomrudisha kwa ndama: "Jepchumba alikuwa tayari." Anayedaiwa ni Kiptanui, na midomo bado anayo.